Barua ya wazi kwa Bodi na Mkuu wa Shule: mtoto aliyesoma kitabu asinyimwe alama kwa sababu ya filamu

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
na Mwalimu wa Taaluma.

YAH: KUTUMIA FILAMU BADALA YA RIWAYA KATIKA VIPINDI VYA FASIHI

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu shuleni kwenu, na nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi. Nawaandikia kwa heshima, maana najua uzito wa kazi mnayoifanya na uchache wa watu wa kuifanya. Jambo hili nililianza kwa njia ya kawaida. Nilizungumza na mwalimu wa somo. Niliandika barua kwa Mkuu wa Idara ya Lugha, haikujibiwa. Nikaliuliza kwenye kikao cha wazazi, nikaambiwa litashughulikiwa. Kilichofuata ni orodha mpya ya filamu za muhula ujao kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la shule silitaji, kwa kuwa sitaki kuichafua shule ninayomsomeshea mwanangu. Wahusika mnajijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtihani wa muhula uliuliza Animal Farm ya George Orwell inaishaje. Binti yangu aliandika kwamba wanyama wanasimama nje usiku, wanachungulia dirishani, wanawaona nguruwe na wanadamu mezani wakicheza karata, na wakihamisha macho kutoka sura hadi sura hawawezi tena kujua nguruwe ni yupi na binadamu ni yupi. Alipewa sifuri. Pembeni, kwa wino mwekundu, msahihishaji aliandika kwamba jibu sahihi ni: wanyama waliungana wakaupindua utawala wa nguruwe.

Alichokiandika binti yangu kimo kwenye kitabu kilichochapishwa mwaka 1945. Alichokiandika msahihishaji kimo kwenye filamu ya katuni ya mwaka 1954. Darasa zima lilionyeshwa filamu hiyo, likaambiwa kwamba sasa limemaliza Animal Farm, na kitabu hakikufunguliwa hata siku moja. Binti yangu alikisoma kwa sababu nakala ipo nyumbani. Wenzake walioandika kama filamu walipata alama zote.

Sina ugomvi na filamu. Zipo ninazozipenda sana, na nitazitaja humu humu. Lakini filamu iliyotokana na riwaya ni kazi nyingine, ya mtu mwingine, iliyotengenezwa wakati mwingine kwa sababu nyingine, na mwanafunzi ana haki ya kulijua hilo. Anapoambiwa kwamba alichokitazama ndicho kitabu, anadanganywa, na mtunzi anawekewa mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo.

1. Mwisho wa Animal Farm ulibadilishwa kwa makusudi, na waliolipia mabadiliko walikuwa na lao.

Orwell alimaliza kuandika kitabu hiki, kinachoukejeli utawala wa Stalin, mapema mwaka 1944, wakati Uingereza na Urusi ya Stalin zilikuwa upande mmoja wa vita dhidi ya Ujerumani. Wachapishaji kadhaa walikikataa, na baadhi yao hawakutaka kumuudhi mshirika wa vita. Kilitoka Agosti 1945. Miaka miwili baadaye, alipoandika dibaji ya tafsiri ya Kiukreni, Orwell alieleza mwenyewe jinsi ukurasa wa mwisho unavyopaswa kueleweka. Wapo wasomaji, alisema, wanaodhani kitabu kinaisha kwa nguruwe na wanadamu kupatana kabisa. Yeye hakukusudia hivyo. Alikiandika mara baada ya Mkutano wa Teheran wa 1943, ambako Stalin, Roosevelt na Churchill walikaa meza moja na watu wengi wakaamini kwamba urafiki umepatikana. Yeye hakuamini kwamba ungedumu. Ndiyo maana mchezo wa karata unaishia kwenye makelele: Napoleon, nguruwe mtawala, na bwana Pilkington, mkulima jirani, wanatupa mezani ree ya shupaza kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi.

Kwa hiyo ukurasa ule una washitakiwa wawili. Wapo nguruwe walioyasaliti mapinduzi ya wanyama dhidi ya mkulima aliyewamiliki. Na wapo wanadamu, wanyonyaji tangu sura ya kwanza, ambao sasa wanasimama na bilauri mkononi kulipongeza shamba kwa sababu wanyama wake wanafanya kazi nyingi na kula kidogo kuliko wanyama wengine wote wa wilaya. Pongezi hizo za Pilkington ni kati ya maneno makali kuliko yote kitabuni. Zinamwambia msomaji kwamba mabwana wa kale na mabwana wapya wanaelewana vizuri sana linapokuja suala la jasho la wengine.

Orwell alifariki Januari 1950. Haki za kutengeneza filamu zilinunuliwa kutoka kwa mjane wake, Sonia. Mtayarishaji alikuwa Mmarekani, Louis de Rochemont, na fedha zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kazi ya kuchora na kuongoza ilifanywa Uingereza na mume na mke, John Halas na Joy Batchelor, mafundi hodari kwelikweli. Katika filamu yao wanadamu wameondolewa kwenye karamu ya mwisho, wamebaki nguruwe peke yao. Kisha wanyama wanakusanyika, punda Benjamin akiwa mbele, wanaivamia nyumba, na utawala wa Napoleon unaanguka.

Kwa waliokuwa wakilipa, Vita Baridi ikiwa imepamba moto, mabadiliko hayo yalikuwa na maana iliyo wazi. Lawama ibaki upande mmoja tu. Mtazamaji atoke ukumbini akiamini kwamba walio chini ya utawala kama wa Stalin watainuka na kuuangusha. Mtu anaweza kuwa na huruma na matumaini hayo, lakini si ya Orwell. Wanafunzi wetu wamefundishwa, kwa jina la Orwell, mwisho ambao Orwell hakuuandika, uliogharamiwa na idara ya ujasusi baada ya yeye kuzikwa. Na aliyeandika mwisho wa Orwell ndiye aliyekosa alama.

Niongeze kwamba kitabu hiki si kigeni kwetu. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, kikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1991 nchini Kenya mchezo wa jukwaani uliotokana nacho ulipigwa marufuku. Watu wa Afrika Mashariki wamekisoma wakiwatazama watawala wao wenyewe. Kizazi cha binti yangu kinastahili kukipokea kilivyo.

2. Filamu imemsafisha Benjamin na kumfuta Clover.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kwangu hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko hata ule mwisho.

Katika kitabu, punda Benjamin anaweza kusoma vizuri kama nguruwe yeyote, lakini hasomi. Ukimuuliza maoni yake kuhusu mapinduzi atakuambia tu kwamba punda huishi miaka mingi. Anaona kila kitu na hasemi kitu. Siku farasi Boxer, rafiki yake wa pekee, anapochukuliwa kwenye gari, ndipo Benjamin anakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Anapiga kelele, anawaita wenzake wapumbavu, anawasomea maandishi yaliyo ubavuni mwa gari: ni gari la mchinja farasi. Lakini gari linaondoka, na miguu ya Boxer, iliyokwisha nguvu kwa kulitumikia shamba, haiwezi kuuvunja mlango.

Hapo ndipo nilipokuwa nikisimamisha somo. Nilikuwa nauliza darasa: Benjamin alijua tangu lini? Kama alijua kusoma, kwa nini hakuusoma ukuta wenye amri za shamba zilipokuwa zikibadilishwa? Je, aliyenyamaza ana sehemu katika kifo cha Boxer? Kengele ililia mara nyingi mjadala ukiendelea, na wanafunzi waliondoka wakibishana mpaka bwenini. Watoto wa miaka kumi na sita wanalielewa swali hilo haraka kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kila darasa lina anayeona na kunyamaza.

Filamu imemgeuza Benjamin kuwa kiongozi wa ukombozi. Kimya chake kimesamehewa kabla hakijahojiwa. Mwanafunzi aliyetazama filamu tu hawezi hata kuliuliza swali lile.

Na Clover? Farasi jike yule mwenye umri, mwenye upole, hayumo kabisa katika filamu ya 1954. Katika kitabu ndiye kumbukumbu ya shamba. Baada ya wanyama waliokiri makosa kuuawa mbele ya wenzao, ni Clover anayepanda kilimani, akalitazama shamba lote jioni ile, machozi yakamlenga. Anajua moyoni kwamba hawakupigania haya, lakini hana maneno ya kulisema hilo, kwa hiyo anaanzisha ule wimbo wao wa zamani. Wengine wanaupokea taratibu, kwa huzuni ambayo hawajawahi kuuimbia. Na mara tu wanapomaliza, Squealer, nguruwe msemaji wa Napoleon, anakuja na mbwa wake kutangaza kwamba wimbo umefutwa. Ukiniuliza ni ukurasa gani mmoja ningeuokoa kutoka kitabu kizima, ningekutajia huo. Na katika sura ya mwisho ni Clover tena, macho yakiwa yamefifia, anayemwomba Benjamin amsomee kilichoandikwa ukutani. Ukimwondoa Clover, unabaki na hadithi ya wadhalimu na wapiganaji. Wale walio wengi, wanaokumbuka ila hawana maneno, wametoweka.

3. Kuna jambo ambalo kitabu hiki kinamfanyia msomaji, na haliwezi kutokea gizani mbele ya projekta.

Amri saba zinaandikwa ukutani katika sura ya pili. Mnyama anakatazwa kulala kitandani, na siku moja baadaye amri inasomeka kwamba asilale kitandani penye shuka. Amri ya pombe inaongezwa kwamba asinywe kupita kiasi. Amri ya kuua inaongezwa kwamba asiue bila sababu. Wanyama wanahisi kuna kitu si sawa, lakini hawana pa kuhakiki. Mwanafunzi mwenye kitabu mkononi anapo. Anarudisha kurasa mpaka sura ya pili, anaweka kidole, anasoma, anagundua udanganyifu kwa macho yake mwenyewe. Nimeona nyuso za wanafunzi wakati huo. Filamu nayo inauonyesha ukuta, lakini picha ikishapita imepita, na mtazamaji anabaki na kumbukumbu tu, sawa na wanyama wenyewe.

4. Orodha ya muhula ujao itarudia kosa lilelile.

Mmepanga Frankenstein ya mwaka 1931 na Great Expectations ya mwaka 1946. Zote mbili ni filamu kubwa. Zote mbili zimeachana na vitabu vyake mahali muhimu.

Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kikatoka Januari 1818 bila jina lake. Kiumbe aliyeumbwa na Victor Frankenstein ni msemaji fasaha. Anajificha kando ya nyumba ya familia ya De Lacey, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza, anasoma Milton, Plutarch na Goethe, kisha anakutana na aliyemuumba milimani na kumsimulia maisha yake kwa sura kadhaa mfululizo. Anauliza swali moja kwa namna nyingi: kwa nini uliniumba kisha ukanikimbia? Moyo wa riwaya ni hapo. Anakuwa mwovu kwa sababu kila mtu anayemkaribia anamkataa kwa sura yake.

Katika filamu iliyoongozwa na James Whale, kiumbe aliyeigizwa na Boris Karloff haongei. Ananguruma. Na uovu wake umepewa chanzo kingine kabisa: msaidizi aitwaye Fritz, ambaye hayumo kitabuni, anaiba ubongo wa mhalifu, na ubongo huo ndio unaotiwa kichwani mwa kiumbe. Linganisheni basi mambo mawili. Katika riwaya, kiumbe anamwona msichana akitumbukia mtoni, anajitosa na kumwokoa, na malipo yake ni kupigwa risasi. Katika filamu, kiumbe anamtupa mtoto Maria ziwani na mtoto anazama. Ni kweli kwamba Karloff anaonyesha hakukusudia kuua, alidhani mtoto ataelea kama maua waliyokuwa wakiyarusha majini, na uigizaji wake unaumiza moyo hadi leo. Lakini mwanafunzi atakayeulizwa kwenye mtihani kiumbe alipata wapi ukatili, akajibu kwamba alizaliwa na ubongo mbaya, atakuwa amejibu kinyume cha Mary Shelley. Je, mwongozo wenu wa usahihishaji utampa alama?

Na msitegemee jina lililo juu ya tangazo. Mwaka 1994 Kenneth Branagh alitengeneza filamu ambayo jina la Mary Shelley lilitiwa ndani ya anwani yenyewe, na bado humo Elizabeth, mke wa Victor, anafufuliwa baada ya kuuawa. Kitabuni Elizabeth akishauawa hafufuliwi na mtu.

Great Expectations sitaieleza kwa urefu. Filamu ya David Lean ni nzuri mno, ile sehemu ya makaburini mwanzoni sijaona mfano wake, na ilishinda Oscar kwa upigaji picha na kwa usanifu wa mandhari. Ila Orlick, mtu anayeibeba hasira yote ya riwaya, ametolewa. Na Estella wa Charles Dickens, msichana anayependwa na Pip, mhusika mkuu, anaolewa na Drummle, anateswa, anabaki mjane, na mateso hayo ndiyo yanayomfundisha kuuelewa moyo wa Pip. Katika filamu uchumba na Drummle unavunjika kabla ya ndoa, kisha Pip anayararua mapazia mazito ya nyumba ya Miss Havisham, mlezi wa Estella, na mwanga unaingia. Tukio hilo linasisimua. Lakini mwanamke ameokolewa na mwanamume katika dakika mbili, pale ambapo Dickens alimpitisha katika miaka ya maumivu.

5. Maktaba.

Rafu zimehamishiwa stoo. Chumba kimewekwa mapazia meusi na projekta iliyonunuliwa kwa michango yetu wazazi. Hatukuulizwa.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu mengi nimeyasikia kwenye kikao.

Mtasema vitabu havitoshi. Ni kweli havitoshi, na havijawahi kutosha tangu nilipoanza kufundisha. Lakini Shelley na Dickens haki zao ziliisha zamani, maandishi yao yako bure na kihalali kwenye mtandao wa Project Gutenberg, na fedha iliyonunua projekta ingechapisha nakala za kutosha kwa mikondo yote. Kazi za Orwell nazo haki zake Uingereza zilikwisha mwanzoni mwa 2021. Animal Farm ni kitabu chembamba chenye sura 10. Mwalimu akiwa na nakala moja tu anaweza kukisoma kwa sauti, sura kwa kipindi, wanafunzi wakipokezana. Wengi wetu tulisoma hivyo.

Mtasema Kiingereza chake kinawashinda. Basi waanze na Kawegere. Hakuna aibu mwanafunzi wa Kitanzania kumwelewa Orwell kwa Kiswahili kwanza. Kutazama filamu ya Kiingereza kwa saa moja na ushei hakumfundishi mtoto kusoma sentensi ya Kiingereza.

Mtasema filamu inawasaidia wanafunzi wazito. Inasaidia, ikitazamwa baada ya kusoma. Mwanafunzi aliyemaliza kitabu akioneshwa filamu ataruka kitini mwenyewe kusema hapa wamebadilisha, na hilo ni somo kamili la fasihi: nani kabadilisha, kwa faida ya nani, kimepatikana nini na kimepotea nini. Huko ndiko projekta ingefanya kazi ya maana.

Wapo watakaosema tutafute filamu nyingine iliyo sawa na kitabu. Ya Animal Farm iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni mwaka 1999 inaishia utawala wa Napoleon ukiwa umeporomoka na familia mpya ya wanadamu ikiwasili shambani. Huo ni mwisho wa tatu, nao hauko kitabuni. Hata kazi zenye nafasi ya kutosha zina mipaka yake. Televisheni ya taifa ya Nigeria iliifanya Things Fall Apart ya Chinua Achebe kuwa tamthilia ya vipindi mwaka 1987, na Pete Edochie aliigiza Okonkwo, mhusika mkuu, kwa namna ambayo wengi hawawezi tena kumfikiria Okonkwo mwenye sura nyingine. Lakini aya ya mwisho ya riwaya ile, ambayo kwa Kiswahili tunaifahamu kama Shujaa Okonkwo kwa tafsiri ya Clement Ndulute, inatokea ndani ya kichwa cha Mkuu wa Wilaya mzungu. Anawaza kitabu anachotaka kuandika, na kwamba maisha ya Okonkwo yatatosha aya moja ndani yake. Msomaji aliyetoka kusoma kitabu kizima kuhusu mtu huyo anapata pigo hilo kwa sababu yuko ndani ya mawazo ya mkoloni. Kamera inauona uso wa mkoloni tu.

Na kuna aliyesema kikaoni, kwa kujiamini, kwamba hata watunzi wenyewe hubadilisha miisho. Ni kweli. Dickens aliubadilisha mwisho wa Great Expectations kwa ushauri wa rafiki yake Edward Bulwer-Lytton kabla haujachapishwa. Aliubadilisha kwa mkono wake, akiwa hai, na mwisho wa kwanza umehifadhiwa ili kila mtu alinganishe. Orwell hakuulizwa. Alikuwa amekwisha kufa.

Ninachoomba ni hiki.

Karatasi za swali lile zisahihishwe upya kwa kufuata kitabu, si ya binti yangu peke yake bali za wanafunzi wote waliojibu kama Orwell. Sijui kama wapo wengine, ninyi mnaweza kujua. Waliojibu kufuata filamu wasinyang'anywe alama, maana walijibu walichofundishwa, lakini waambiwe ukweli darasani na mwalimu wao.

Kuanzia muhula ujao, filamu isionyeshwe kabla riwaya haijasomwa hadi mwisho, na mwongozo wa usahihishaji uandaliwe na mtu mwenye kitabu mkononi. Orodha iliyobandikwa iondolewe hadi vitabu vyake vipatikane. Nipo tayari kuchangia kuchapisha Frankenstein, na wazazi kadhaa wameniambia nao wako tayari.

Rafu zirudi maktaba. Mapazia meusi yanaweza kubaki kwa siku za kutazama. Shule itafute nakala za Shamba la Wanyama na Shujaa Okonkwo hata kama ni chache na zimechakaa. Yangu ya Kawegere nitaiazima kwa mwalimu yeyote atakayeihitaji.

Mwisho, naomba majibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha wazazi, yasomwe mbele ya wazazi wote. Kama Bodi inaona nimekosea katika hoja yoyote, inioneshe ukurasa. Niko tayari pia kuja kuzungumza na walimu wa idara, mchana wowote baada ya vipindi, bila malipo na bila kelele, tukiwa na vitabu vyote mezani.

Nawashukuru kwa kunisoma na kwa malezi ya wanetu.

Wenu katika malezi,

Mzazi, Kidato cha Tatu
(jina na sahihi vimo katika nakala iliyowasilishwa ofisini)

Nakala: Mkuu wa Idara ya Lugha, Kamati ya Wazazi, ubao wa matangazo.